Saa ya Elfu Kumi na Saba

Ilipofika saa kumi na moja na nusu alfajiri, Sinegugu Xaba alikuwa ameshajaza chupa mbili za maji, ameshabonyeza tairi za baiskeli kwa kidole gumba kuona kama zina upepo, na ameshakaa kwenye kizingiti cha jikoni akimsubiri mama yake afunge kamba za viatu. Alifanya hivyo siku nne kwa wiki. Mama alikimbia, yeye akaendesha baiskeli nyuma yake na maji, kisha wakarudi nyumbani mapema kiasi cha kuoga, kunywa uji na kuiwahi kengele ya shule. Zamani walikuwa wanatoka watatu.

"Umevaa koti?" Mama aliuliza.

"Nimevaa."

"Haya, twende."

Ilikuwa mwezi wa tano, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati ya nyumba zote za Edendale. Mama, ambaye majirani walimwita MaNdlela kwa ukoo wa baba yake, alivaa fulana ya klabu yenye kipande cha kitambaa cheusi kilichobanwa kwa pini begani. Alikuwa mjane wa miezi mitatu. Bibi, yaani mama mkwe wake, alikubali aendelee kukimbia kwa sharti kwamba kitambaa hicho kisitoke begani hata fulana ikilowa chapachapa.

Kwenye mlima wa kwanza Mama alikohoa. Kwenye mlima wa pili alisimama, akashika magoti, akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. Sinegugu alishuka kwenye baiskeli na kumpa chupa.

"Mafua tu haya," Mama alisema alipopata pumzi. "Yataishia barabarani."

Sinegugu alikuwa ameyasikia maneno hayo mwezi wa kwanza, kwenye mlima huohuo, yakisemwa na baba yake. Alisubiri kuona kama yatamchoma. Hayakumchoma. Tangu mwezi wa pili hakuna kitu kilichomchoma. Kwenye mazishi shangazi zake walimtazama kwa wasiwasi kwa sababu hakulia, na yeye mwenyewe alijitazama vilevile, kama mtu anayejifinya mkono uliokufa ganzi. Akarudisha chupa kwenye kishikio chake, akapanda baiskeli.

Mama hakuwa anakimbia kwa kujifurahisha. Kila mwezi wa sita zilifanyika mbio za kilomita themanini na nane, na geti la mwisho lilifungwa ukishatimia muda wa saa kumi na mbili kamili tangu watu waanze. Aliyefika sekunde moja baadaye hakupewa medali. Ndiyo maana wakimbiaji wa mwendo wa polepole walikuwa na desturi yao: walimfuata mtu mmoja aliyejua kupima mwendo, aliyewaambia wapi watembee na wapi wakimbie, hadi akawaingiza getini dakika chache kabla halijafungwa. Kundi hilo liliitwa basi, na mtu huyo aliitwa dereva. Kwa miaka tisa dereva wa basi la klabu yao alikuwa Velaphi Xaba, baba yake Sinegugu. Watu themanini walimfuata bila kutazama saa zao wenyewe. Alipofariki, MaNdlela alisimama mbele ya klabu nzima na kusema kwamba basi la mume wake halitakosa dereva.

Jumapili ile baba mdogo alikuja. Mduduzi Xaba alikuwa mdogo wake marehemu, fundi wa kufunga vioo vya magari na mkimbiaji wa klabu hiyohiyo, mtu wa maneno mengi na viatu safi. Kabla hajakaa alikwisha kuweka juu ya meza karatasi ya matangazo ya duka.

"Shemeji, tazama hii. Usitazame bei kwanza. Tazama kitu chenyewe."

Mama alitazama bei kwanza. "Randi elfu kumi na saba kasoro moja! Mdu, hii ni saa au ni ng'ombe wawili?"

"Ni saa janja. Kioo hakikwaruziki hata kwa msumari. Ina ramani. Inapima mapigo ya moyo usiku na mchana, inachora hata mchoro wa moyo kama wa hospitali. Moyo ukienda kombo, inakutetemesha mkono." Aligonga karatasi kwa kidole. "Kaka angekuwa na hii, leo tungekuwa naye hapa anakula."

Sinegugu aliendelea kumega phuthu, ugali mkavu wa mahindi, na kuitia kwenye maziwa ya mgando. Aligundua kwamba alikuwa amemega matonge sita na hajala hata moja.

"Yeye alikuwa na ile ya plastiki," baba mdogo aliendelea. "Ya elfu moja na mia mbili. Saa ya mtoto! Dereva wa watu themanini anavaa saa ya mtoto. Sasa wewe ndiye dereva. Pesa ya chama cha kuzikana imebaki, na bei hii ni mpaka Jumamosi. Mimi sitaki kuzika mara mbili."

"Ile pesa ni ya Sine akienda sekondari," Mama alisema.

"Sekondari ataendaje bila mama?"

Mama aliigeuza karatasi, akaisoma nyuma, akaigeuza tena. Sinegugu alijua kwamba anataka kukubali. Kisha Mama akamtazama yeye. "Si unadaiwa kazi ya sayansi shuleni? Ya kupima kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi pima saa. Weka ya baba yako na ya ghali pamoja. Baba Gcabashe wa klabuni anayo hiyohiyo, nitamwomba atuazime. Ikishinda, Jumamosi tunakwenda kuinunua. Isiposhinda, Mdu ataacha kunisumbua."

"Itashinda," alisema baba mdogo, na hatimaye akavuta sahani.

Baba Gcabashe, mwanasheria mwenye kitambi ambaye kitambi chake kilimaliza mbio kila mwaka, aliileta saa ndani ya boksi lake. "Mimi naivaa milimani," alimwambia Sinegugu. "Siku tatu juu kule kwenye ukungu, hakuna njia, hakuna mtandao. Ilinirudisha kambini. Kwangu mimi imelipa bei yake. Kwa anayekimbia barabarani, sijui. Pima unieleze. Na ukiidondosha, mama yako atanipikia mwaka mzima."

Saa ya baba ilikuwa kwenye droo ya kabati, chini ya soksi zake. Mkanda ulikuwa na ufa na ulinuka jasho. Sinegugu aliiweka kwenye chaji, akaketi kuitazama mpaka ikawaka.

Shuleni walikuwa na uwanja wa kukimbilia ambao mwalimu wa michezo aliupima kwa futi ya waashi: mzunguko mmoja ulikuwa mita mia nne. Sinegugu alikimbia mizunguko kumi na saa mbili, moja kila mkono. Kesho yake alizibadilisha mikono akarudia, ili asiwepo mtu wa kusema mkono mmoja ulipendelewa. Lwandile, jirani yake wa dawati, alihesabu mizunguko kwa vizibo vya soda.

"Saa mbili mkononi na Jumatatu ulichelewa," Lwandile alipiga kelele alipopita. "Nunua ya tatu!"

"Hesabu!"

"Nahesabu! Ishirini na nane!"

"Ni ya saba, mjinga wewe!"

Kila alipomaliza, mwalimu alimshika mkono na kuhesabu mapigo kwa vidole. Sinegugu aliandika kila kitu. Umbali wa kweli ulikuwa mita elfu nne: saa ya ghali ilisema elfu nne na kumi, ya baba ikasema elfu tatu mia nane themanini. Baada ya kukimbia vidole vya mwalimu vilihesabu mapigo mia moja sitini na nane: saa ya ghali ilisema mia moja sitini na saba, ya baba mia moja hamsini na nane. Kuhusu chaji, karatasi ya saa ya ghali iliahidi siku tisa, na kwa siku mbili alizoivaa ilishuka kidogo sana. Ya baba ilizima siku ya pili jioni.

Kipimo cha nne kilikuwa cha mapigo ya mapumziko, yanayohesabiwa asubuhi mtu akiwa bado kitandani. Wakimbiaji wa klabu waliandika namba hiyo kila siku, kwa sababu ilionyesha kama mwili umepumzika. Kwa kipimo hicho Mama alilala na saa zote mbili. Asubuhi ya Alhamisi Sinegugu aliingia chumbani kabla Mama hajaamka vizuri. Saa ya ghali ilisema sabini na nane. Ya baba ilisema sabini na tisa. Akaweka vidole viwili kwenye mkono wa Mama, ambao ulikuwa wa moto, akahesabu dakika nzima. Sabini na nane.

"Zinafanana?" Mama aliuliza, macho yamefumbwa.

"Tofauti moja."

"Basi andika." Mama akakohoa, akageukia ukutani.

Daftari la kuandikia lilikuwa chini ya godoro la Sinegugu. Lilikuwa daftari la mazoezi la baba yake, lenye jalada la kijani, na kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Kila asubuhi baba alisoma namba kwenye saa ya plastiki, yake na ya Mama, na Sinegugu akaziandika. Hakuwa amelifungua tangu mwezi wa pili. Sasa alilifungua, na ukurasa wa mwisho ukawa mbele yake kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka.

Mwezi wa kumi na mbili baba alikuwa na mapigo hamsini na mbili. Tarehe tatu mwezi wa kwanza, hamsini na tatu. Tarehe kumi na nne alishikwa na mafua. Tarehe kumi na sita, sitini na nne. Tarehe ishirini na tano, sabini. Mwezi wa pili tarehe tatu, sabini na tano. Tarehe tisa, themanini na moja. Kesho yake alirudi kutoka mazoezini, akakaa kwenye kiti cha jikoni ili avue viatu, na alivua kimoja tu. Daktari alisema baadaye kwamba misuli ya moyo ilikuwa imevimba. Mafua yaliingia hadi moyoni, na yeye akaendelea kukimbia nayo.

Siku aliyoandika sabini, Sinegugu alikuwa ameinua kalamu. "Baba, hii ni kubwa."

"Naiona. Usimwambie mama yako. Atanipeleka kliniki, na kule wataninyima kukimbia. Watu themanini wananitegemea. Mbio zikiisha nitakwenda, sawa, mwandishi wangu?"

"Sawa."

Akarudi nyuma kurasa nyingi kutafuta namba ya Mama. Miezi yote ilikuwa ileile: sitini, sitini na moja, sitini. Alikaa kitandani na daftari mapajani. Alijua sasa mambo mawili, na yote mawili yalikuwa namba tupu, wala hapakuwa na cha kubishania. Saa ya bei rahisi iliona. Na ilikuwa inaona tena.

Hata hivyo kwenye karatasi ya mwalimu aliandika jedwali safi lenye mistari minne. Kwenye mstari wa nne aliandika: sabini na nane, sabini na tisa, tofauti moja, zote nzuri. Hapakuwa na uongo hata kidogo. Jioni Mama aliisoma akiwa amejifunga blanketi.

"Kwa hiyo ya ghali inashinda kwa umbali, kwa mapigo ya kukimbia na kwa chaji. Kwa mapigo ya mapumziko zinatoka sare."

"Ndiyo, Mama."

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Mama aliangalia tofauti kati ya zile namba mbili. Namba zenyewe hakuziangalia.

Jumamosi baba mdogo aliwapeleka dukani kwa gari lake. Ndani ya jengo la maduka kulikuwa na joto na muziki wa sauti ya chini. Muuzaji alikuwa kijana mpole aitwaye Preshen, jina lake limeandikwa kifuani. Aliifungua saa mpya kwa uangalifu, akaifunga kwenye mkono wa Mama. Ilikuwa nzuri. Sinegugu aliweza kukiri hilo.

"Mume wangu alikufa kwa moyo," Mama alimwambia Preshen, kama anayetaja saizi ya kiatu. "Alikuwa na mafua, moyo ukavimba. Hii ingeona?"

Preshen alimtazama, akatazama kitambaa cheusi kilichobanwa kwenye koti lake. "Pole sana, Mama. Uvimbe wenyewe saa haiwezi kuuona, nisikudanganye. Ule mchoro wake unatafuta mapigo yanayorukaruka. Ila mapigo ya mapumziko yakipanda siku nyingi mfululizo, utaona. Ni kama inakuonya."

"Si nilisema?" baba mdogo alidakia. "Inaonya! Toa kadi, shemeji."

Mama alifungua pochi.

"Ya baba pia ilimwonya," Sinegugu alisema.

Sauti ilitoka bila kupanda wala kushuka, kama anasoma ubaoni. Baba mdogo aligeuka. "Unasema nini wewe?"

"Hamsini na tatu. Sitini na nne. Sabini. Sabini na tano. Themanini na moja. Niliziandika mimi. Zilitoka kwenye ile saa ya plastiki. Na Mama alikuwa sitini mwaka mzima, Alhamisi alikuwa sabini na nane. Saa zote mbili zimesema hivyo, na vidole vyangu pia."

Preshen aliangalia meza yake. Mama alibaki na kadi mkononi, saa ya elfu kumi na saba ikiwaka kwenye mkono wake mwingine. Kisha akaifungua mwenyewe, akaiweka kwenye boksi, akamwambia Preshen, "Asante, mwanangu, tutarudi au hatutarudi," na kutoka.

Walikaa kwenye benchi la maegesho ya magari. Sinegugu alitoa daftari la kijani kwenye mkoba wake, na Mama akalisoma, ukurasa kwa ukurasa, akipitisha kidole. Alipofika kwenye themanini na moja kidole kilisimama.

"Ulijua?"

"Aliniambia nisikwambie. Mpaka mbio ziishe."

Gari moja liliingia, likatafuta nafasi, likatoka.

Baba mdogo ndiye aliyezungumza, na safari hii maneno yake yalikuwa machache. "Mimi nilikimbia naye siku ile ya mwisho. Alikuwa anahema kama mbwa. Alisimama mara mbili. Nikamtania, nikamwambia kaka, umezeeka, tafuta fimbo." Alikuna ukucha wake. "Tukacheka wote wawili."

"Na mimi nilimsikia akikohoa usiku," Mama alisema. "Nikamchemshia tangawizi, nikalala." Akalifunga daftari. "Kumbe sote tuliona. Halafu tumekuja hapa kununua kitu cha kuona."

Sinegugu alisubiri agombezwe. Badala yake Mama aliushika mkono wake, akauweka juu ya goti, na kuuacha hapo.

Jumatatu Sinegugu hakwenda shule asubuhi. Walikaa kwenye foleni ya kliniki tangu mlango haujafunguliwa, na zamu yao ilifika saa nne. Sista Dlomo, muuguzi wa zamu, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alisikiliza kifua cha Mama mbele na nyuma, akamtia kipimajoto, kisha akamshika mkono na kuhesabu mapigo akitazama saa ndogo ya chuma iliyobanwa kwenye gauni lake, imeangalia chini ili yeye aisome akiinamisha kichwa.

"Themanini na mbili," alisema. "Homa ipo. Kifua kimeingiliwa. Unakimbia na mafua haya?"

"Siku nne kwa wiki."

"Kwa nini?"

"Mimi ni dereva wa basi."

Sista alikuwa mtu wa mji ule na alijua ni basi gani. "Mume wako alikuwa yule Xaba?" Mama akaitikia kwa kichwa. Sista aliandika kwa muda. "Nakupa dawa ya kifua. Leo hii unakwenda hospitali kupigwa mchoro wa moyo, barua hii hapa. Hata ukitoka mzuri, huvai viatu vya mbio kwa wiki nne, na baada ya hapo unaanza kwa kutembea."

"Mbio ni baada ya wiki tatu, Sista."

"Basi zitakimbiwa bila wewe."

Sista akamgeukia Sinegugu, ambaye alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili, akaomba alione. Alisoma kurasa mbili za mwisho bila haraka.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Baba yako alikuwa na mingapi?"

"Arobaini na tano."

"Sasa nisikilize, maana naona hesabu unaziweza. Mtu wa miaka arobaini na tano ndiye aliyetakiwa kukaa kwenye benchi langu. Yeye alijua namba, alijua njia ya kuja hapa, akachagua kutokuja. Hilo si lako, na usilibebe. Lako ni hili dogo: ukiambiwa ufiche ugonjwa wa mtu, hata anayekwambia ni baba, usifiche. Mwambie mtu mzima mwingine. Umechelewa mara moja. Mara ya pili hukuchelewa, ndiyo maana mama yako yuko hapa."

"Ndiyo, Sista."

"Na wewe MaNdlela, nimesikia huko kwenye foleni mnatafuta saa." Sista aligusa ile ya chuma kifuani. "Hii ni ya randi mia moja na hamsini. Mwenye pesa anunue anayotaka, sina ugomvi na saa nzuri. Ila saa ya bei yoyote itakupa namba tu. Kutoka kwenye namba mpaka kwenye mlango wangu, mtu anakuja kwa miguu yake."

Mchoro wa hospitali ulionyesha kwamba moyo wa Mama ulikuwa salama. Mafua hayakuwa yameufikia. Daktari alisema kwamba kama angekimbia nayo wiki mbili zaidi, asingeahidi kitu.

Sinegugu aliandika upya kazi yake ya sayansi. Jedwali lilibaki lilelile, na mwisho aliongeza hitimisho: kwamba saa ya ghali inapima umbali vizuri zaidi, inakaa na chaji na inamfaa anayepotea milimani, kwamba kwa mapigo ya mapumziko randi elfu kumi na tano mia saba tisini na tisa za ziada zilinunua tofauti ya pigo moja, na kwamba saa zote mbili hazina faida kama namba haisomwi na mtu atakayefanya kitu. Mwalimu alimpa alama arobaini na tatu kati ya hamsini. Saba alizikata kwa sababu alikuwa amempima mtu mmoja tu, na Sinegugu akaona ni haki. Baba Gcabashe alirudishiwa saa yake ikiwa nzima, akajifanya amesikitika kukosa chakula cha mwaka.

Siku ya mbio Mama na Sinegugu walisimama kilomita tatu kabla ya geti, na ndoo ya maji na vikombe. Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa barabara. Kwanza walisikia wimbo, sauti nyingi zilizochoka zikiimba kwa hatua, kisha basi likatokea kwenye kona, watu wapatao themanini wamejikusanya barabara nzima. Katikati yao alikuwa baba mdogo Mduduzi, aliyechukua nafasi ya Mama ya udereva, viatu vichafu, sauti imekauka, kwenye mkono saa ya plastiki yenye mkanda uliofungwa kwa uzi.

"Hatua mia tunatembea!" alipiga kelele. "Wote! Wewe wa kofia nyekundu, unakwenda wapi? Unamkimbilia nani?" Alipomwona Mama alinyoosha mkono juu, saa ikaonekana. "Tuna dakika kumi na nne za akiba, shemeji!"

"Punguza maneno, Mdu, tunza pumzi!" Mama alijibu, na watu ndani ya basi wakacheka.

Sinegugu aliwagawia vikombe mpaka wa mwisho akapita. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma kabisa alimgusa shavu akasema, "Mtoto wa dereva," akaendelea. Hapo tu, baada ya miezi minne, kitu kilisogea kifuani mwake, kidogo, na kikauma. Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Mama alikaa pembeni yake bila kuuliza. Watu wa basi waliingia wote getini, Mama na Sinegugu walisikia baadaye, dakika nane kabla halijafungwa.

Kesho yake asubuhi, kitandani, Mama alinyoosha mkono na Sinegugu akahesabu kwa vidole. Sitini na mbili. Daftari la kijani halikurudi chini ya godoro. Lilitundikwa kwa msumari kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo kila anayepita angeliona. Sinegugu alichukua rula, akachora mstari mpya wima kando ya safu ya mapigo, na juu yake akaandika: *Aliyeambiwa.*

"Hiyo ya nini?" Mama aliuliza akikoroga uji.

"Ya kuandika nimemwambia nani."

Mama aliweka mwiko chini. "Kuiona namba ni nusu ya kazi, Sine. Kuisema ndiyo nusu iliyobaki, na hiyo hatukuifanya. Sasa tutaifanya. Haya, niambie."

"Sitini na mbili."

"Nimesikia."

Sinegugu akaandika kwenye safu mpya, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Mama.*